Kijiti cha Mistari Miwili

Siku ile karakanani walikuwapo watu wanne: fundi mwenyewe, mke wake, wifi ya huyo mke, yaani dada yake fundi, aliyekuwa akipiga msasa viti, na mzee mnoaji wa visu ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Tupa, kwa kuwa tupa yake ya kunolea haikutoka mfukoni mwake. Wa tano alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, lakini huyo alikuwa amelala.

Ubao wa kwanza ulipotoka kwenye mashine ya randa, fundi aliupitishia kiganja akakunja uso. Ulikuwa na mawimbi madogo madogo, kama maji ya karai yakipulizwa.

"Si umeseti visu asubuhi, kaka?" wifi aliuliza.

"Nimeseti. Kimoja kiko juu. Kina wivu, hakitaki wenzake waguse mbao."

Wifi alicheka. Mke hakucheka.

Mashine ile ilikuwa na visu vitatu vilivyofungwa kwenye chuma cha mviringo, na vyote vilipaswa kulingana, la sivyo kimoja kinakata na viwili vinazunguka bure. Kuvipima, fundi alilaza kijiti kilichonyooka juu ya meza ya mashine, mstari wake wa kwanza wa penseli ukiwa sawa na ukingo wa meza, kisha akazungusha chuma kwa mkono. Kisu kilipopita kilikilamba kijiti na kukivuta hadi mstari wa pili ufike ukingoni. Ndivyo ilivyotakiwa iwe kwa kila kisu, kushoto, katikati na kulia.

Kijiti cha zamani kilikuwa cha Bi Mkubwa, mke wa kwanza wa fundi, aliyefariki kabla huyu wa sasa hajaolewa. Yeye ndiye aliyekuwa akiseti visu, maana alikuwa na mkono mwepesi, na alikaza boliti huku akiimba kwa puani. Tangu jana kijiti chake hakikuonekana. Fundi alikitafuta kila mahali, hakumlaumu mtu, akachonga kingine.

Alitoa mkanda wa mashine ili isiwe na nguvu, akaseti upya. Kijiti kipya kilivutwa hadi mstari wa pili, kikatulia. Alipogeuka kuchukua spana, wote walisikia mlio mdogo wa chuma kugusa mti. Tk. Kijiti kilikuwa kimeupita mstari wa pili.

"Umekigusa?" aliuliza.

"Nikiguse na nini, mikono yangu yote iko kwenye msasa," wifi alijibu, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Ndipo ikaja harufu, ya mti unaoungua na mafuta ya nywele, na mke akashika mgongoni kuhakikisha mtoto yupo, kwa sababu harufu ya ule moto aliijua, na ile ya mafuta aliwahi kuikuta kwenye kanga kuukuu iliyosahaulika chini ya sanduku. Wifi alisogea taratibu, akamfungua mtoto mgongoni mwake, akamkumbatia. Fundi alinyoosha mkono aondoe kijiti, na chuma, ambacho hakikuwa na mkanda wala umeme wala mtu wa kukigusa, kikaanza kujizungusha polepole, tk, tk, tk, kikikivuta kijiti na mkono uliokishika, huku kutoka ndani ya mashine mtu akiimba kwa puani, wimbo mtamu, wa mtu aliye kazini kwake na hataki kusumbuliwa. Fundi alipouchomoa mkono, ncha ya kidole cha shahada, kucha na nyama yake, haikuwapo.

"Msikimbie," Babu Tupa alinong'ona. "Ukikimbia linakufuata nyumbani. Nani amechukua kitu cha mtu hapa?"

Mke alianza kulia kimya kimya.

"Ni mimi, Babu. Nilikichoma jana. Nilichemshia maji ya mtoto."

"Kwa nini, mama?" fundi aliuliza, hata hakupandisha sauti.

"Kila asubuhi nilikuona, baba. Unakiweka shavuni, unafumba jicho, unakaa hivyo. Mimi hujaniwekea shavu tangu nijifungue. Nikasema huyu bado anambusu marehemu."

Fundi alimgeukia. "Nilikuwa naangalia kama bado kimenyooka," akasema. "Mti lazima uuangalie kwa jicho moja. Ungeniuliza tu, mke wangu." Kisha akaweka shavu lake juu ya la mkewe, mbele ya dada yake na mbele ya mzee, damu ikimtiririka kidoleni.

Wimbo ndani ya mashine ulikatika ghafla.

"Mwache," Babu Tupa alimwambia fundi kwa haraka. "Sogea mbali naye. Marehemu hana haja na visu. Hili ni jini lake, lina wivu; lilikuwa likikaa kwenye mkono wake, sasa halina mkono." Kisha akamgeukia mke: "Mwanangu, aliyechukua ndiye anayerudisha."

Mke alikwenda jikoni nyuma ya karakana, akachota majivu ya kijiti cha zamani, akakipaka kijiti kipya. Mzee akisoma dua kwa sauti ya chini, yeye akashika spana kwa mara ya kwanza maishani, akalegeza, akapima, akakaza. "Bi Mkubwa, nisamehe, dada yangu," alinong'ona. Visu vyote vitatu vilikivuta kijiti hadi mstari wa pili, wala hakikuupita. Harufu ikaondoka. Mkanda ukarudishwa, na ubao uliofuata ulitoka laini kama shavu la mtoto.

"Limetoka?" wifi aliuliza.

Babu Tupa alikuwa akiitazama mikono ya mke.

Mke alikiinua kijiti, akafumba jicho moja, aone kama kimenyooka. Akahisi shavu lake likipata joto, kama kuna mtu aliyeegemeza shavu lake upande wa pili wa mti. Bila kujua, akaanza kuimba kwa puani.

Tangu hapo yeye ndiye anayeseti visu, na mbao zao ndizo laini kuliko zote mtaani. Jioni moja fundi alimwonea huruma jinsi alivyochoka, akachukua spana ili amsaidie. Kidole chake cha shahada kimezikwa nyuma ya karakana, chini ya maranda.