Nilimlazimisha Mjukuu Wangu Aseme "Vyote"

Wasomaji wenzangu, mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, fundi cherehani hapa Kabuga, ukitoka Kigali kuelekea mashariki. Shule niliishia darasa la nne, kule Bujumbura nilikokulia, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama ninavyosema. Kuna mtu mmoja ambaye sijamsamehe mpaka leo. Na kuna kosa moja ambalo ni langu mimi, si lake. Yote mawili nitayasema.

Nina mjukuu, Dative. Mama yake alikuwa binti yangu wa pekee, akafariki mtoto bado mdogo. Nikamlea mimi. Cherehani hii hii ilimlipia shule mpaka akawa muuguzi katika hospitali moja ya Kigali. Siku aliyovaa sare kwa mara ya kwanza nilimwambia azunguke nimkague. Mishono ilikuwa ya kiwizi! Nikaifumua yote, nikaishona upya, ndipo nikamruhusu aende kazini.

Watu hudhani muuguzi ana pesa kwa sababu wagonjwa wanamwita daktari. Nani aliwadanganya? Mshahara wa muuguzi ni kama blanketi la mtoto: ukifunika miguu, kifua kiko nje. Kodi ya chumba, nauli, chakula, na ukoo mzima unapiga simu kila mwisho wa mwezi...

Lakini Dative aliamua kujenga, kwa mkopo wa benki. Peke yake, bila mume, kwa mshahara mmoja! Wauguzi wenzake walimcheka. "Weye Dative, benki itakukata mpaka kucha!" Na kweli benki ilimkata, kila mwezi, kabla hajaugusa mshahara wake. Siku zake za mapumziko alikwenda kudunga sindano katika zahanati ya mtu binafsi. Miaka minne sikumwona na kiatu kipya.

Akapata kiwanja Ndera. Akajenga vyumba viwili, sebule na jiko. Milango ya ndani ilimshinda, tukatundika mapazia. Siku aliyonikabidhi ufunguo nifungue mimi kwanza, nililikosa tundu mara mbili. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na mlango wake mwenyewe. Hakuna!

Aliyemtafutia kile kiwanja alikuwa komisiyoneri, dalali wa viwanja na nyumba. Jina lake Dezire. Viatu vyenye ncha, simu mbili, mdomo wa asali. Nyumba ilipoisha, akaanza kumposa Dative mwenyewe. Alituambia hana kitu, ndiyo kwanza anaanza maisha. Nikamsifu kwa kusema kweli. Mjinga mimi!

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipoangukia.

Kwetu Rwanda, kabla ya kuapa mbele ya serikali katika ofisi ya sekta, yaani kata, maharusi huulizwa: mali zenu mnaziweka vipi? Njia ziko tatu. Kuchanganya vyote, vya kabla na vya baada. Kuchanganya tu mtakavyochuma pamoja. Au kila mtu na chake. Dative alitaka ile ya katikati. Nyumba ibaki yake, na vya mbele viwe vya wote wawili.

Dezire hakumbishia hata kidogo. Alikuja kwangu mimi, na kilo mbili za sukari na kitenge. Akakaa, akashika kichwa.

"Bibi yangu, mjukuu wako ananiona mwizi. Nitakuwa mpangaji kwa mke wangu? Nikipigilia msumari ukutani, niombe ruhusa?"

Niliwaka moto. Sisi tuliolelewa kizamani tunasema msichana anayebagua mali ana mguu mmoja nje ya ndoa. Nikamwita Dative.

"Unaolewa, au unakodisha?"

"Bibi, nyumba ile nimeijenga kwa mgongo wangu."

"Na wewe umelelewa kwa mgongo wa nani?"

Nikaendelea... Nilimwambia kwamba akisema lingine siku ile mbele ya watu, asinihesabu tena kuwa bibi yake. Ndugu zangu, nilimwambia hivyo!

Siku ya sekta nilikuwa mstari wa tatu, nimevaa mushanana yangu ya sherehe. Karani akauliza. Dative akageuka, akanitafuta kwa macho. Nikamkazia yangu.

"Vyote," akasema, taratibu.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga vigelegele, kwa ulimi huu huu!

Mwaka wa kwanza Dezire alileta nyama nyumbani. Wa pili akasema biashara ya viwanja imelala. Wa tatu akalala yeye. Mshahara mmoja ukawa unalipa benki, unamlisha mwanamume mzima na kununua muda wa maongezi wa simu zake mbili. Dative akakonda mpaka sare nikawa naipunguza mimi. Mtoto hawakupata, naye akamfanyia hilo kuwa wimbo: "Nyumba ya vyumba viwili na vyote vitupu!" Mwanamume wa kumwambia hivyo mke anayemlisha, mngemwitaje?

Mwaka wa sita akapata mwanamke mwingine, mwenye saluni Kimihurura. Asubuhi moja Dative alitoka zamu, akafika Ndera, akakuta kitasa kimebadilishwa. Nguo zake ziko kwa jirani, ndani ya mifuko ya simenti. Dezire akamjibu kupitia dirishani:

"Nenda mahakamani, sheri wangu mpenzi. Nataka talaka na nusu yangu. Uliapa mwenyewe, bendera ya taifa mkononi."

Nusu yake! Nusu ya miaka minne bila kiatu!

Na Dative angeipata wapi pesa ya kumlipa hiyo nusu? Benki ilikuwa bado inamkata. Maana yake nyumba ingeuzwa, na yeye angerudi kupanga chumba, huku ana umri wa miaka thelathini na minne na deni mgongoni.

Akaja kwangu. Hakulia. Alilala kwenye kitanda changu kidogo, akaamka, akapanda basi la kwanza kwenda hospitali. Wiki tatu hakuniambia neno isipokuwa salamu. Halafu jioni moja, nikimwekea chakula, akasema bila kuniangalia, "Ulitaka vyote, Bibi. Haya. Vyote vimekwenda."

Afadhali angenipiga.

Nilikwenda kwa padri. Akaniambia nisamehe, nimwachie Mungu. Nikamwambia, "Padri, wewe nyumba umepewa na kanisa." Nikaondoka. Mungu nilimwachia mengi maisha yangu yote. Hili nililitaka mwenyewe.

Nikaenda wilayani kwa wakili wa bure, wa wasiojiweza. Nilikuta binti mdogo, wa kuwa mjukuu wangu. Nikamwambia anieleze hilo neno polepole, kama mtu anayemfundisha mjinga.

"Mukecuru," akaniita kwa heshima, "vyote ni mali yote ya wawili. Ya kabla na ya baada."

"Hata ya mwanamume?"

"Hata yake. Ila mume ameandika katika madai ya talaka kwamba hana kitu."

"Komisiyoneri asiye na kiwanja? Binti yangu, umewahi kuona mchinjaji asiyeonja nyama?"

Akaweka kalamu chini, akaanza kucheka.

Kesho yake nikavaa mushanana ile ile ya sherehe, nikaazima mkoba mzuri wa jirani, nikaenda kituo cha basi cha Kabuga wanaposimama makomisiyoneri. Nilikuwa na sababu ya kuanzia hapo. Dezire alikuwa akionekana Kabuga kila mwanzo wa mwezi, na hakunipitia hata siku moja kunisalimia. Mkwe gani huyo? Nikajifanya mjane mwenye mtoto Ulaya. Nikasema natafuta safu ya vyumba vya kupangisha, ya mtu mwenye shida, anayeuza haraka na kwa bei ya shida.

Walinizunguka kama kuku walioona mtama! Siku ya kwanza nikaonyeshwa vibanda. Ya pili, vibanda. Miguu ikavimba. Siku ya nne kijana mmoja mwenye kofia akanivuta pembeni.

"Mama mkubwa, nina kitu cha siri. Vyumba sita, vimejaa wapangaji. Mwenyewe ni komisiyoneri mwenzetu, ana haraka, kuna kesi inamsumbua."

"Mimi sitaki ugomvi na wake za watu. Mkewe atasaini?"

"Hana mke, mama! Alinunua akiwa kapera, hati iko kwa jina lake peke yake. Dezire huyo, bachela kabisa!"

Yampaye inka! Salale! Bachela! Na mimi niliyecheza kwenye harusi yake mpaka kisigino kikauma!

Nikajizuia. Nikaomba namba ya kiwanja nimpelekee mwanangu wa Ulaya. Akanipigia picha ya hati, akanitumia kwenye simu. Akanionyesha na vyumba vyenyewe. Mpangaji mmoja, muuza nyanya, akaniambia kodi wanalipa taslimu, kila mwanzo wa mwezi, miaka yote. Miaka yote! Alikuwa anakula kodi ya vyumba sita, halafu anakwenda Ndera kula mshahara wa muuguzi na kumwambia kazi imelala!

Siku ya mahakama alikuja na suti. Akaomba nusu ya nyumba ya Ndera. Akadai eti mabati alinunua yeye. Jaji akamuuliza mbele ya wote kama ana mali nyingine popote.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mtu wa kuhangaika tu."

Yule binti wakili akasimama. Akatoa karatasi ya ofisi ya ardhi, yenye namba ya kiwanja na jina. Halafu akamwita muuza nyanya.

Nimeona watu wengi wakifa, lakini sijaona mtu akifa amesimama kama Dezire siku ile. Suti ilibaki wima, mtu akaondoka ndani yake. Nilicheka kwa sauti, karani akanitishia kunitoa nje. Sikujali.

Nje, kivulini, Dezire alitufuata. "Dative, tusiumizane. Wewe chukua Ndera, mimi nibaki na Kabuga. Kila mtu na chake." Eti kila mtu na chake! Leo ndiyo njia nzuri hiyo?

Nilifungua mdomo. Dative akanishika mkono, kwa nguvu, kama anavyomshika mgonjwa asiruke kitandani.

"Bibi, safari hii nyamaza."

Nikanyamaza. Akamgeukia, sauti yake ile ile ya wodini.

"Dezire, ulitaka tugawane. Tutagawana."

Jaji akaweka kila kitu katika kapu moja. Vyumba sita vya kandokando ya barabara vina thamani kuliko nyumba ya Ndera, tena sana. Vikauzwa. Dezire akapewa nusu yake ya kila kitu, na hakudhulumiwa hata faranga. Lakini sehemu ya Dative ilitosha kumaliza deni la benki na kubaki na Ndera peke yake, hati ina jina moja. Mwezi uliofuata alipokea mshahara wake mzima kwa mara ya kwanza. Sio mkubwa. Lakini mzima!

Siku hizi makomisiyoneri wa Kabuga wanamwita Dezire "Bwana Vyote". Akishuka basi tu, wanapokezana kumwita. Mwenye saluni naye alimfukuza. Najua ni dhambi kufurahi. Nafurahi. Sioni haya kusema hivyo.

Lakini msinipigie makofi. Miaka sita ya mjukuu wangu hakuna mahakama itakayoirudisha. Nikienda Ndera ananipa chai na kiti kizuri, lakini mambo yake hanishauri tena. Nilimwomba msamaha mara moja. Akasema, "Kunywa chai, Bibi, inapoa." Ni haki yake. Mimi ndiye niliyempa mwizi ufunguo, tena kwa vigelegele.

Mabibi wenzangu, mkitaka kuwalinda wajukuu, ulizeni maswali, kisha mfunge midomo. Anayekatwa mshahara ndiye achague neno, hakuna mwingine. Nanyi mabinti mnaojenga kwa mshahara mmoja, mwanamume akikuambia hana kitu, usimhurumie kabla hujauliza ofisi ya ardhi. Anayekupenda hataona vibaya ukiuliza.

Nimeandika sasa kwa sababu juzi nilipita kwenye sekta moja jirani. Matangazo ya ndoa yamebandikwa ukutani. Jina la Dezire liko pale, na pembeni jina la msichana, mwalimu wa shule ya msingi. Nimeuliza, nikaambiwa ana nyumba ndogo aliyoijenga mwenyewe.

Binti, kama unasoma haya, bado zimebaki wiki mbili. Njoo Kabuga, uliza fundi mzee aliye nyuma ya soko. Usipokuja, siku ya kiapo utaniona mstari wa mbele, na safari hii sitapiga vigelegele. Nitasimama, nitasema.