Supu ya Kaka Mtawa

Kila siku kabla jua halijachomoza, Lamduan alikuwa tayari jikoni. Alikamua nazi na kutumia tui la kwanza, lile zito. Alikaanga viungo hadi mafuta yakaelea juu. Kisha alitia nyama ya nguruwe yenye mafuta, sukari, na mchuzi wa samaki, ule wa chupa wenye chumvi kali. Mwisho alinyunyiza unga wa supu wa pakiti ili ladha ikolee.

Mumewe, Prayong, alikuwa fundi wa mashine za kuvunia mpunga. Harufu ilimwamsha mapema kuliko jogoo.

"Naomba kijiko kimoja tu," alisema huku akijikuna tumbo.

"Hakuna! Chakula cha watawa hukionji wewe kwanza."

"Basi nami nitanyoa kichwa niwe mtawa."

"Unyoe na nyusi pia. Utafanana na yai la bata!"

Kulipopambazuka watawa walipita peku, mmoja nyuma ya mwingine, wakiwa na mabakuli yao ya kupokelea chakula. Aliyetangulia alikuwa Kamon, mkuu wa hekalu dogo la kijiji chetu. Huyu alikuwa kaka yake Lamduan, baba mmoja mama mmoja. Tangu avae joho la njano, Lamduan alimwita Kaka Mtawa. Alipiga magoti mbele yake, akatia wali bakulini, kisha akatia mfuko wa mchuzi uliofungwa kwa mpira. Kaka Mtawa alimwombea baraka, akaendelea na safari.

Ng'ambo ya mfereji alikaa Chalao. Chalao na Lamduan walikua pamoja, na tangu utotoni hakuna aliyetaka kushindwa na mwenzake. Lamduan akipika nguruwe kwa tui, Chalao hupika bata kwa tui. Huyu akiongeza sukari, yule huongeza mafuta. Watu walitania kwamba watawa wa kijiji chetu cha Klong Takian wanakula vizuri kuliko mkuu wa mkoa.

Asubuhi moja ya masika, Kaka Mtawa alifika langoni kwa Lamduan, lakini hakufunua bakuli. Alishika nguzo ya lango. Jasho lilimtiririka usoni, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Kaka Mtawa, una nini?" Lamduan aliuliza.

"Ardhi inazunguka kidogo, dada."

Lamduan aliinua mikono amshike, kisha akaiacha hewani. Mwanamke hamgusi mtawa, hata akiwa ndugu yake. "Prayong!" alipiga kelele. "Njoo mshike! Haraka!"

Prayong alitoka mbio na kumkalisha kwenye benchi. Lamduan naye alikimbia hadi kwa jirani yao Wimon, mhudumu wa afya wa kijiji. Wimon alikuja na kipimo cha shinikizo la damu. Kwa kuwa naye ni mwanamke, alisimama kando akamwelekeza Prayong.

"Zungusha kitambaa mkononi. Hapana, shemeji, umekifunga juu chini!"

"Kama ingekuwa mashine ya mpunga, ningeshamaliza," alinung'unika Prayong.

Wimon alisoma kipimo. Alimwacha Kaka Mtawa apumzike kidogo, akapima tena. Safari hii hakuna aliyetania.

"Presha iko juu sana," alisema. "Twende zahanati sasa hivi."

Zahanati walimpa vidonge vya kunywa kila siku. Daktari alisema pia apunguze chumvi na mafuta. Mchana huo Wimon alikaa na Lamduan na Prayong barazani.

"Si mmwambie tu asile vyakula hivyo?" alisema Lamduan.

"Atavikwepaje, dada? Mtawa hachagui. Anakula kinachotiwa bakulini. Na ni nani anayetia?"

Lamduan alikunja uso. "Unataka kusema mchuzi wangu ndio umemuumiza kaka yangu?"

"Si wako peke yako. Ni michuzi yetu sote. Sikiliza. Chumvi ikizidi, mwili unashika maji, na damu inasukuma mishipa kwa nguvu. Mafuta ya nguruwe na tui zito yakizidi, mishipa inaziba polepole. Mshipa wa kichwani ukipasuka au ukiziba, mtu anapooza, au tunampoteza. Na chumvi haiko kwenye kopo la chumvi tu. Iko kwenye mchuzi wa samaki. Iko kwenye ule unga wa pakiti. Wewe unatia vyote viwili."

"Na vidonge je?"

"Vidonge asiache hata siku moja. Lakini haviwezi kazi peke yake kama kila asubuhi tunampa chumvi. Mpikie supu nyepesi."

"Supu nyepesi!" Macho ya Lamduan yalijaa machozi. "Marehemu mama aliupenda mchuzi huu wa nguruwe. Nikiwapa watawa, ni kama nampelekea yeye huko aliko. Sasa nimpelekee mama yangu maji ya moto?"

Prayong alisema kwa sauti ya chini.

"Mama mkwe alipokuwa kitandani, ulikuwa unampikia nini?"

"Supu nyepesi," alijibu Lamduan.

"Alikataa?"

"Alimaliza bakuli. Akaomba tena."

"Basi," alisema Prayong.

Siku iliyofuata Lamduan alijaribu. Alitupa mifupa na mboga zote sufuriani kwa pamoja, akafunika, akawasha moto mkali. Sufuria lilichemka kwa fujo hadi kifuniko kikaruka. Alipofunua aliona maji ya kijivu, na mboga zimekuwa uji. Alionja. Haikuwa na ladha yoyote. Akatia mchuzi wa samaki. Akaonja tena, akaongeza. Akaongeza tena. Kisha alimpa mumewe.

Prayong alichungulia bakuli. "Mke wangu, maji haya nimeyaona leo kwenye mfereji, baada ya trekta kuvuka."

"Kunywa, acha maneno."

Alikunywa kidogo, akakohoa. "Na huu ni mfereji wa baharini. Chumvi tupu!"

Lamduan alitaka kukasirika, lakini alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alikwenda kumwita Wimon.

Kesho yake Wimon alikuja na figili nyeupe, ndefu kama mkono, na fungu la giligilani lenye mizizi yake. Aliingia jikoni akakunja mikono ya blauzi.

"Kwanza mifupa," alisema. "Itie kwenye maji yanayochemka, subiri uchafu utoke, mwaga maji yale. Ioshe. Sasa anza upya na maji safi ya baridi."

"Nimwage supu?"

"Unamwaga uchafu, dada. Supu bado haijazaliwa."

Walianza upya. Maji yalipokaribia kuchemka, Wimon alipunguza moto.

"Usifunike. Na usikoroge. Moto uwe mdogo, sufuria licheke tu, lisipige kelele. Povu likija juu, lienguliwe kwa upawa. Supu ikichemshwa kwa nguvu, inakuwa na ukungu kama yako ya jana."

"Nani amekuambia habari za jana?"

"Shemeji amesimulia kijiji kizima," alijibu Wimon, na Prayong akatoka jikoni kimyakimya.

Lamduan alitwanga mizizi ya giligilani, kitunguu saumu na pilipili manga nyeupe. Nusu aliitia kwenye supu pamoja na vipande vya figili. Nusu aliichanganya na nyama ya kusaga isiyo na mafuta, akafinyanga vidonge vidogo. Figili ilipolainika, alivitumbukiza vidonge vya nyama taratibu. Vilizama, kisha vikaelea vikiwa vimeiva. Mwisho alitia kabichi ya Kichina na vipande laini vya tofu, ile jibini ya soya, akaacha kidogo tu ili mboga zisilegee.

"Sasa onja kabla hujatia chumvi yoyote," alisema Wimon.

Lamduan alionja. Alionja tena. "Utamu huu umetoka wapi? Sikuweka sukari!"

"Kwenye figili na mifupa. Na harufu ni ya ile mizizi tuliyokuwa tunaitupa. Sasa tia mchuzi wa samaki, kijiko kidogo kimoja kwa sufuria zima. Halafu chupa mpe shemeji aifiche."

Lamduan alikatakata majani ya giligilani na ya vitunguu, akanyunyiza juu. Alichungulia sufuria. Supu ilikuwa angavu kama chai. Aliuona mwiko hadi chini.

Siku takatifu ilipofika, siku ya kulisha watawa hekaluni, wanawake walibeba masufuria yao hadi ukumbi wa hekalu. Chalao alifunua la kwake, bata ameelea kwenye tui jekundu. Kisha alichungulia la Lamduan.

"He! Shoga, nazi zimekwisha kwenu? Si ungesema nikuletee?"

Wanawake walicheka. Masikio ya Lamduan yalipata moto. Aliliweka sufuria mbele ya watawa, akarudi kukaa, macho yake sakafuni.

Watawa walikula kimya. Mtawa hasifu chakula wala hakitii dosari, kwa hiyo Lamduan hakujua kitu. Alisikia vijiko tu. Aliona ni mlo mrefu kuliko yote aliyowahi kungojea.

Baada ya baraka, masufuria yalirudishwa ili watu nao wale. La Chalao lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. La Lamduan lilikuwa na kipande kimoja cha figili na supu kidogo chini.

Chalao aliliangalia sufuria lile. Akachukua kijiko, akachota, akanywa. Akachota tena.

"Umetia unga wa pakiti gani?"

"Sikutia unga."

"Mwongo wewe!"

"Naapa mbele ya hekalu."

Chalao aliweka kijiko chini. Aliangalia upande wa watawa, akashusha sauti. "Ni kweli kaka yako aliishiwa nguvu langoni kwako?"

"Kweli. Nilinyoosha mikono, nikashindwa kumshika."

Chalao alilifunika sufuria lake la bata. "Mimi huwa natia chumvi nyingi kuliko wewe, ili nikushinde," alisema. "Kesho nakuja kwako. Na usinifiche kitu."

Akaja kweli. Baada yake wakaja wengine. Muda si mrefu kila nyumba ya Klong Takian ilipika supu, mpaka Wimon akaingilia kati. "Jamani, bakuli la mtawa linasukasuka kama ndoo ya kisima! Wengine leteni samaki wa kuchoma. Leteni mboga na matunda." Wakagawana, na mchuzi wa tui ukabaki wa sikukuu, tena mwepesi.

Mvua zilipokwisha, Wimon alikwenda hekaluni na kipimo chake, pamoja na Prayong na Lamduan. Prayong alikifunga kitambaa vizuri bila kuelekezwa, akajipiga kifua. Wimon alisoma, akatabasamu.

"Imeshuka. Imeshuka vizuri kabisa. Lakini vidonge tusiache, Mheshimiwa, mpaka daktari aseme."

Miguu ya Kaka Mtawa ilikuwa imerudi kuwa myembamba. Prayong hakuweza kujizuia.

"Mheshimiwa, tuambie leo tumalize ubishi. Supu ya nani ni tamu zaidi, ya mke wangu au ya Chalao?"

"Prayong!" Lamduan alimfinya.

Kaka Mtawa alicheka hadi mabega yakatikisika. "Mimi sichagui chakula," alisema. "Ila leo asubuhi nimezunguka kijiji kizima kwa miguu yangu, na sikuomba benchi kwa mtu."

Lamduan aliinama hadi paji la uso likagusa sakafu, naye alikaa hivyo kidogo, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka mumewe amtanie. Alipofika nyumbani aliosha uso, akaweka sufuria mezani, akafungua kapu la mboga. Lilikuwa tupu. Alitoka hadi ukingo wa mfereji, akaweka mikono mdomoni.

"Chalao wee! Una figili?"

"Ninayo!" sauti ilijibu kutoka ng'ambo. "Lakini kubwa ni yangu!"