Moshi wa Vespa ya Shangazi

Kila Jumamosi asubuhi, Latifa ndiye aliyeandaa mafuta ya Vespa ya Shangazi Zuhura. Pikipiki hiyo ya zamani ilikunywa oili pamoja na petroli: kikombe kimoja kwa kila lita tano. Latifa aliijua kazi hiyo barabara.

Lakini moshi wake, we acha tu! Ikiwashwa, mtaa mzima wa Msamvu ulijua. Eric, mtoto wa jirani, aliziba pua na kupiga kelele, "Wafukiza mbu hao!" Wenzake wakaangua kicheko. Latifa aliona aibu mno.

Jumamosi moja akatia nusu kikombe tu. Vespa ikawaka, moshi kiduchu. Eric hakuziba pua. Latifa akapanda nyuma, kifua mbele, amekumbatia furushi la sare. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na wanakwaya wa kanisa moja huko Mgeta walizihitaji sare hizo kwa misa ya kesho yake.

Walipoanza kupanda mlima, injini ikatoa mlio mkavu. Joto likampiga Latifa miguuni.

"Mbona leo inachoka mapema hivi?" Shangazi aliuliza, huku akizidi kuvuta mafuta.

Latifa alijua sababu. Akinyamaza, injini ingekwama ghafla na wangeanguka. Akisema, angegombezwa.

"Shangazi, zima! Nimepunguza oili!"

Shangazi akasimama kando ya barabara, akazima. "Umepunguza? Kwa nini?"

"Wananicheka kwa sababu ya moshi."

"Ala! Ndiyo uiue injini yangu?" Shangazi alikasirika kwelikweli.

Walisubiri mpaka injini ikapoa. Latifa akapima oili ya akiba, akaimimina kwenye tangi, akaitikisa Vespa vizuri. Shangazi akapiga kiki. Ikawaka, ikafuka moshi, na mlio wake ukarudi kuwa laini. Latifa karibu alie kwa furaha.

Sare zilifika kabla ya saa nane. Wanakwaya walipokuwa wakizijaribu, Shangazi alimwita mpwa wake.

"Oili ndiyo inayozuia vyuma visisagane," alisema. "Kama moshi unakukera, niambie. Madukani kuna oili isiyofuka sana, Jumatatu tutanunua. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Kicheko cha Eric kingekwisha jioni, lakini injini ingekufa moja kwa moja. Leo umesema kweli ingawa uliogopa, ndiyo maana tumefika salama."