Ripiti Afta Mi

"Kamongo, hapa Nanga. Uko wapi?"

"Buzuruga, Mzee. Nukta inatembea, niko nyuma yake."

"Usiipoteze."

"Sijawahi."

Prudencia Ishengoma akazidisha moto. Pikipiki yake nyekundu, Boxer, ikalia kama ndama aliyekanyagwa mkia, ikapenya kati ya basi la Shinyanga na mkokoteni wa mananasi. Tope likarukia sketi ya mwuza maandazi, na mwuza maandazi akamtukania ukoo mzima. Prudencia hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye simu ya Tecno aliyoifunga usukani kwa mpira wa kandambili. Nukta nyekundu, mbele, inakwenda.

Kamongo ndilo lilikuwa jina lake la kazi. Alipewa na bosi wake, Mzee Chenge, ambaye redioni huitwa Nanga. Samaki kamongo hujifukia topeni kiangazi kizima akipumua taratibu, watu wakapita juu yake wakidhani hapana kitu. Prudencia naye alikuwa amejifukia topeni tangu mvua zilipoanza.

Tope lenyewe liliitwa Chuo cha Lafudhi Safi.

Nukta ikasimama.

Akafunga breki. Jalala, nyuma ya stendi. Kunguru, maganda ya ndizi, na juu yake gunia la salfeti ambalo halijaloa hata kidogo. Akalifungua.

Simu. Zote zimepondwa kwa nyundo.

Na vizibo.

Vizibo vya gome, vile vya chupa za mvinyo. Pale chuoni kila mwanafunzi alikuwa na chake. Unakibana kwa meno ya mbele, unasoma Kiingereza kwa sauti mpaka mate yanachuruzika kidevuni, kisha ukikitoa eti ulimi umefunguka. Kizibo cha Dorotea Ngosha, Prudencia alikitoboa kwa sindano ya moto akapenyeza kifaa kidogo kama punje ya mtama. Kifaa hicho ndicho kilichokuwa kikituma nukta.

Sasa kizibo kiko kiganjani mwake, na alama za meno ya Dorotea zingali juu yake. Dorotea mwenyewe hayupo.

"Nanga, wametupa vizibo na simu. Nimefuata takataka."

"Na watu?"

"Sijui watu walipo, Mzee."

Hasira ikampanda. Hasira ya Prudencia haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya mkaa, nje majivu, ndani moto.

Alimkumbuka Maige, mwenye chuo. Chuoni alijiita Profesa Desmond, na alikuwa akiongea kwa pua kama mtu mwenye mafua ya kudumu. Viatu vyake vilichongoka mbele, shati lilipigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Alikuwa amewakusanya vijana wa Buhongwa, wa Ilemela, wa vijijini huko, watoto wa watu wenye vyeti na bila kazi, akawaambia shida yao ni moja tu: ulimi. Ulimi wa Kisukuma, ulimi wa Kihaya, ulimi wa Kijita. Rekebisheni ulimi, mtapata ajira ng'ambo, kazi ya kupokea simu, ofisi ina kiyoyozi.

Aliyekosea alivishwa kibao shingoni: MIMI NI MSHAMBA.

Dorotea alikivaa kila wiki, kwa kuwa r na l zilikuwa zinabadilishana viti kinywani mwake. Msichana mpole, anacheka akijifunika mdomo. Siku moja alimnong'oneza Prudencia, "Dada Annet, mimi nikirudi nyumbani sasa hata Kisukuma naogopa kukisema." Annet ndilo jina alilojiandikishia Prudencia pale.

Lakini aliyechekwa kuliko wote alikuwa huyo Annet mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha Bukoba kabisa, kizito kama matoke, na hakuwa anaigiza. Maige alimfanya kichekesho cha darasa. Kila asubuhi alimsimamisha mbele, akampa rula, akamwambia awaongoze wenzake. Prudencia anagonga meza mara tatu, anaita, "Ripiti afta mi!" Darasa zima linaitikia. Maige anajishika mbavu.

"Nani atakuelewa na ulimi huo, Annet? Nani?"

Na sentensi zenyewe zilikuwa za simu tu. "Senki yu foo koling." Asante kwa kupiga simu. "Benki yako imepata tatizo." "Nitajie namba yako ya siri, bibi." Hakuna kujitambulisha kwenye usaili, hakuna kuomba maji ya kunywa. Hapo ndipo Idara ya upelelezi ilipong'amua. Ng'ambo kulikuwa na majumba yenye makufuli, vijana wanafungiwa humo, pasipoti zimechukuliwa, wanapiga simu mchana kutwa kuwaibia vikongwe. Anayekataa anapigwa. Mnunuzi wa vijana hao alitaka watu wenye Kiingereza kisichojulikana kimetoka wapi. Maige alikuwa anawapika.

Asubuhi hii aliwakusanya wote, isipokuwa mmoja.

"Annet, baki. Utatuaibisha."

Redio ikakwaruza.

"Kamongo! Boti ya kasi imeonekana mwalo wa Igombe. Injini mbili, Yamaha. Ndani kuna mgeni mmoja, miwani ya jua, na mvua hii."

"Wanawapeleka na nini?"

"Jirani wa chuo ameona Fuso nyeupe ya kubebea samaki ikiingia geti la nyuma. Kikosi kimekwama Nyakato, lori limelala barabarani. Nenda, lakini uwasubiri."

Prudencia alikwisha kuwasha pikipiki.

"Mzee, bodi ya samaki haipitishi hewa. Imetengenezwa isipitishe."

Mzee Chenge akapumua kwa nguvu.

"Basi usisubiri."

*

Mwalo wa Igombe ulikuwa umechangamka. Dagaa walianikwa kwenye vichanja, wachuuzi wanagombania sangara, na jenereta la kiwanda cha barafu linaunguruma kuliko watu wote. Kando ya maji, zimepangana kwenye foleni ya kupakia, zilisimama Fuso. Nyeupe. Zote nyeupe, zote na bodi ya samaki, zote na makufuli.

Prudencia akashuka, akavua kofia yake ngumu ya pikipiki.

Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti, kitenge cha majani ya mgomba kiunoni, anapasua barafu kwa shoka dogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama akamtazama kiunoni, Glock ilipochungulia chini ya koti. "Heh! Una bastola na bado unaniamkia? Umelelewa wewe. Mimi Getruda."

"Mama Getruda, gari gani limefika sasa hivi?"

"Yote yamefika sasa hivi. Na mengine yamesogezwa sogezwa hapa kama karata. Kuna bwana mmoja wa viatu vya ncha, ndiye aliyekuwa anayapanga. Yule pale, anajifanya ananunua sato."

Maige alikuwa ameshika sato kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika soksi ya mwenziwe. Akainua macho. Akamwona Annet. Akacheka.

Kisha akaona alivyotembea kama askari, na kicheko kikakatika.

Sato akatupwa. Mkono ukaingia ndani ya koti, ukatoka na bastola.

Prudencia hakufyatua risasi, bodi zile zilikuwa nyuma ya Maige. Alirusha kofia ngumu. Ikampata Maige kwenye kifundo cha mkono, bastola ikazama kwenye beseni la dagaa. Kabla hajainama, goti la Prudencia lilikwisha kufika tumboni. Akaenda chini. Pingu. Chap.

Majini, Yamaha mbili zikanguruma, boti ikageuka na kukimbia.

"Nanga, mnunuzi anatoka."

"Mwache aje. Vijana wa majini wanamsubiri mbele."

Prudencia akamvuta Maige kwa kola.

"Gari gani?"

"Gari gani nini?"

"Maige, wanakufa humo. Gari gani?"

Maige akatema mchanga, akatabasamu. "Mimi nanunua samaki, dada. Watu gani? Bila watu huna kesi." Kiingereza cha pua kilikuwa kimemtoka chote, anaongea kama mtoto wa Magu alivyo. "Na ufunguo umo ziwani."

Prudencia alitaka kumvunja meno. Alitaka sana. Akamwachia mvuvi mmoja mwenye kifua kama mlango amkalie.

Akakimbilia gari la kwanza, akagonga. "Dorotea! Dorotea, ni polisi! Jibuni!"

Kimya.

La pili. "Jibuni, mmedanganywa!"

Kimya.

Akaelewa, na kuelewa kukamuuma. Maige alikuwa amewafunda: njiani kuna maofisa wenye wivu wanaotaka kuwanyima kazi, wataita, watasema ni polisi. Atakayejibu amewaponza wote. Na wale ni wanafunzi watiifu. Wametii kibao shingoni, watatii na hili. Watakaa kimya, wanashikana mikono, mpaka pumzi iishe.

Watiifu.

Prudencia akasimama ghafla.

"Mama Getruda! Lizimisheni hilo jenereta! Nataka mwalo wote ukae kimya!"

Mama Getruda hakuuliza. Alipanda juu ya kreti, akaweka mikono mdomoni. "Nyamazeniii! Atakayekohoa namkatia mkopo wa barafu!"

Jenereta likakohoa, likafa. Wachuuzi wakaganda na samaki mikononi. Mawimbi tu, na kunguru mmoja asiye na adabu.

Prudencia akaokota kofia yake ngumu. Akagonga bodi ya chuma. Pa. Pa. Pa. Kama rula mezani.

Akavuta pumzi, akaita kwa ulimi wake, ule ule wa Bukoba, mzito kama matoke:

"Ripiti afta mi! Senki yu foo koling!"

Hakuna kitu.

Akasogea gari la mbele. Pa, pa, pa. "Ripiti afta mi! Senki yu foo koling!"

Hakuna. Jasho likamwingia machoni. La mbele tena. Pa, pa, pa. Sauti yake ikapasuka.

"Ripiti afta mi! Senki! Yu! Foo! Koling!"

Akabandika sikio kwenye chuma.

Kutoka ndani, mbali, kama watu walio chini ya maji, kwaya dhaifu ikaitikia:

"Senki... yu... foo... koling."

"SHOKA!"

Mama Getruda alikwisha kufika nalo. Pigo la kwanza, kufuli likapinda. La pili, likaruka. Mlango ukafunguka, hewa ya moto ikawapiga usoni, na vijana wakaanza kumwagika mchangani, mashati yamelowa, midomo wazi kama sangara. Wavuvi wakawapokea mmoja mmoja. Kuna aliyetapika, kuna aliyelia. Mmoja aliuliza kama ndiyo Nairobi, walikoahidiwa kupandia ndege.

Dorotea alikuwa wa mwisho, anamsukuma mwenzake mbele. Prudencia akambeba.

"Dada Annet," akahema. "Tuliambiwa tusijibu mtu."

"Sasa mbona mlijibu?"

"Sijui. Umegonga, umeita..." Akataka kucheka, mkono ukaenda mdomoni kujifunika. Prudencia akaushusha mkono ule taratibu.

Akampa Tecno. Dorotea akabonyeza namba ya Buhongwa anayoijua kwa kichwa. Ikapokelewa.

"Mwadila mayu!" akapaza sauti kumwamkia mama yake, mwalo mzima ukasikia, na baada ya hapo Kisukuma kikamtoka kama bomba lililopasuka, bila kuogopa chochote.

King'ora kikasikika barabarani. Redio ikaita.

"Kamongo, boti tunayo. Mgeni analia anataka wakili. Watu?"

"Wote wanapumua, Mzee."

Prudencia akamwendea Maige, ambaye bado alikuwa amekaliwa. Akachuchumaa mpaka macho yakalingana.

"Uliniuliza kila asubuhi nani atanielewa na ulimi huu."

Maige akaangalia pembeni.

"Wamenielewa. Kupitia chuma."

Maige akafungua mdomo kusema neno. Prudencia akatoa kizibo cha gome mfukoni, akakipachika katikati ya meno yake, akakisukuma kwa kidole gumba.

"Kibane hivyo hivyo. Askari wakija, uwaeleze kila kitu, na maneno yatoke wazi. Ukikosea, wanakurudisha mwanzo."

Akainuka, akapangusa mchanga kwenye magoti. Akamrudishia Mama Getruda shoka lake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akavaa kofia iliyopasuka upande mmoja, akawasha Boxer.

Nyuma yake mate yalianza kumchuruzika Maige kidevuni.