Mishi na Kitatange Asiyekula

Sogea hapa. Sogea tena kidogo. Umekaa vizuri? Haya, sikiliza.

Mishi ana miaka sita. Anakaa Mtwapa na mama yake. Sebuleni kwao kuna tangi la kioo, limejaa maji ya bahari.

Maji tu, jamani! Samaki hamna. Mwezi mzima Mishi alisubiri maji yatulie. Pampu iliimba peke yake: bulu-bulu-bulu!

Siku ya siku ikafika. "Hodi, wifi!" Shangazi Mwanakombo aliingia na ndoo.

Shangazi Mwanakombo ni mzamiaji. Huzama baharini, chubwi! Huko hukamata samaki wadogo wa rangi, kwa watu wanaofuga.

Ndani ya ndoo mlikuwa na kitatange. Unamjua kitatange? Ni samaki bapa, anapepea majini kama kipepeo.

Huyu alikuwa na mistari ya zambarau na macho meusi tii. Mishi akampenda hapo hapo.

"Huyu si wako," alisema Shangazi. "Aliingia wavuni kwa bahati mbaya. Namrudisha kwao. Wako yuko kwangu, twende ukamchague."

"Namtaka huyu!" alisema Mishi.

"Mishi, mchagua nazi hupata koroma."

"Huyu! Huyu! Huyu!" Mishi alipiga miguu chini, puu-puu-puu. Ee, mkaidi huyo!

Shangazi akacheka. "Haya, bibiye. Alale hapa leo. Lakini asipokula, kesho anarudi baharini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Mishi. Lazima kitatange ale!

Mishi alitia vipande vidogo vya nyama ya kamba wa baharini ndani ya tangi. Akaweka mkono kifuani, kama anavyofanya Mama wageni wakija.

"Karibu, mgeni. Kula, usione haya!"

Kitatange akafumba mdomo. Mm-mm.

"Mama, hali!"

"Labda anaona haya," alisema Mama. "Mgeni ndiyo kwanza amefika. Humjui Bi Somoe, jirani yetu? Husema, 'Nimeshiba, nimeshiba.' Geuka tu uone. Sahani nyeupe!"

Mishi akageuka. Akatazama ukuta. Akahesabu mpaka kumi.

"Karibu, mgeni. Kula, usione haya!"

Kitatange akafumba mdomo. Mm-mm.

Mishi akaleta kanga ya Mama. Akalifunika tangi lote, ili mgeni ale bila kutazamwa. Kisha akatoka nje kwa kunyata, nya-nya-nya.

"Karibu, mgeni," alinong'ona kutoka mlangoni. "Kula, usione haya."

Asubuhi, Mishi aliifunua kanga. Vipande vyote vya kamba vilikuwa chini, kwenye mchanga. Na tumbo la kitatange lilikuwa limebonyea.

Mishi aliogopa. Aliogopa sana.

Shangazi Mwanakombo alikuja mapema. Alichuchumaa mbele ya kioo akamtazama kitatange.

"Ni haya tu, Shangazi," alisema Mishi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Atakula kesho."

"Haoni haya, mwanangu. Ana njaa."

"Lakini nimempa chakula!"

"Umempa chakula chako. Yeye hula matumbawe tu, yale mawe hai ya baharini. Kitu kingine hakijui. Akikaa hapa, atakufa."

Mishi alilia. Alilia kwa sababu alimpenda. Kisha akapangusa pua kwa mkono.

"Arudi kwao," alisema. "Arudi leo, Shangazi. Sasa hivi!"

Wakaenda wote pwani. Mishi alisimama na Mama, maji yakiwafika magotini. Shangazi akazama na kitatange, chubwi!

Walingoja. Wakangoja. Mara kichwa cha Shangazi kikaibuka, pwaa!

"Amekula?" Mishi alipiga kelele.

"Nimemfungulia tu, huyoo! Moja kwa moja kwenye matumbawe. Anadonoa, do-do-do! Hata kwaheri hakusema!"

Mishi akarukaruka majini. Mama akalowa mpaka mtandio.

Halafu wakaenda nyumbani kwa Shangazi. Uani kulikuwa na matangi mengi. "Chagua sasa," alisema Shangazi. "Nani mzuri?"

Lakini Mishi hakuuliza nani mzuri. "Nipe kamba kwanza," alisema. "Nataka kuona nani anakula."

Shangazi akamkonyeza Mama. "Wifi, huyu keshakuwa fundi!"

Mishi akatia kipande katika tangi la kwanza. Kitatange mweupe akakimbilia kona. Mm-mm.

Akatia katika tangi la pili. Kitatange mwenye madoa akakionja kipande. Ptu! Akakitema.

Akatia katika tangi la tatu. Humo mlikuwa na kitatange wa manjano. Pezi lake lilikuwa limechanika. Machoni alikuwa na weusi, kama aliyepaka wanja gizani akakosea.

Nyam! Kipande kimekwenda.

Mishi akatia kingine. Nyam! Akatia kingine. Nyam-nyam-nyam!

"Huyu!" alisema Mishi.

"Hata na pezi lile?" aliuliza Mama.

"Pezi litapona. Huyu anakula, Mama!"

Wakampeleka nyumbani taratibu, taratibu, ndoo isimwagike. Walimzoesha maji ya tangi kidogo kidogo. Kisha Shangazi akamwachia, pwa.

Kitatange akazunguka tangi mara moja. Akazunguka mara mbili.

Mishi akatia kipande cha kamba. Je, na hapa atakula?

Kitatange akakitazama. Akakisogelea.

Nyam!

"Amekula!" Mishi alimkumbatia Mama. Alimkumbatia Shangazi. Nusura alikumbatie na tangi!

Jua likazama. Mishi akaoga, akala, akapanda kitandani. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, na aliliona tangi.

"Mama, mbona halali? Macho yake yako wazi."

"Samaki hana kope, mwanangu. Hawezi kufumba macho. Lakini tazama, ametulia pale pembeni."

Mishi akafikiri kidogo.

"Basi nitamfumbia mimi," alisema.

Akafumba jicho moja kwa ajili yake, na la pili kwa ajili ya kitatange. Wakalala wote wawili.