Saa Kumi na Moja ya Greenwich

Jumatatu, saa nne asubuhi. Busia, mtaa wa Marachi.

Chumba cha nyuma cha hoteli ya Aguti kilikuwa na meza moja, kreti za soda, na wanaume wanne waliojiita majambazi. Wawili kati yao walikuwa wamepewa ruhusa na wake zao hadi saa sita.

Ejoku ndiye alikuwa boss. Aliwahi kulinda geti la uwanja wa ndege huko Uarabuni kwa miaka miwili, akarudi na miwani ya jua, saa ya mkononi yenye mishale mitano, na dharau ya kutosha kaunti nzima. Bastola alikuwa nayo. Ameipata wapi, hakuna aliyeuliza. Aliishika kama mtu anayeshika mtoto wa jirani.

Orwa alikuwa wa nguvu. Alibeba magunia sokoni mpaka shingo ikapotelea mabegani, na akili nadhani ilifuata njia hiyo hiyo. Ilukor alitoka ng'ambo, Tororo, mtu wa kuelekeza malori mpakani, mwenye macho ambayo hayakai mahali pamoja. Wa nne ni Emorut, dereva, mdogo wake Aguti mwenye hoteli. Aliendesha Probox ya mtu na alitaka yake. Ejoku alikuwa amemwahidi.

"Emorut, nenda utuletee chapati," alisema Ejoku.

"Si tunaanza mpango?"

"Dereva haambiwi mpango. Dereva anaambiwa saa. Nenda."

Emorut akaenda. Dada yake Aguti akabaki, maana anayefuta meza hahesabiwi kuwa mtu.

Ilukor akaeleza. Kuna lori linatoka upande wa Kigali, limebeba maharagwe ya njano ya Kongo. Ndani ya gunia moja mwenye mali ameficha dhahabu. Yeye Ilukor atapanda na dereva kuanzia Tororo kama kijana wa kumwonyesha njia. Jumatano watavuka Malaba saa saba mchana, kwa saa ya dereva.

"Saa saba ya kwao ni saa nane ya hapa," akaongeza. "Hao wako nyuma kwa saa moja. Na yule mzee hageuzi saa yake, anasema mkewe atampigia saa ambayo amelala."

"Na gunia lenyewe tutalijuaje?" aliuliza Orwa.

"Magunia yote ni ya kawaida. Hilo moja limezidi kwa kilo kumi."

Hapo Ejoku akasimama. Alipenda kusimama. Watavaa jaketi za kung'aa, alisema, wataweka mizani kando ya barabara, mbele kidogo ya Amagoro. Watakuwa maofisa wa vipimo. Watapima, watalikamata lililozidi, lori litaenda zake. Emorut atafika na gari, wapakie, wapotee. Simu zote zizimwe tangu alfajiri, kwa sababu simu ndiyo imefunga wengi.

Orwa aliuliza watafuata saa gani basi, ya Kigali au ya hapa. Lilikuwa swali zuri, na kwa hivyo lilimkasirisha boss.

"Nyinyi watu wa kijiji mtakufa na saa zenu," alisema Ejoku. Akaeleza kwamba duniani marubani hawababaiki na saa ya huku na saa ya kule. Wana saa moja tu, ya Greenwich. Ukitoa tatu kwa ya hapa, ile ya kizungu, umeipata. Akazungusha kidude kwenye saa yake, akaangalia mshale wa nne, halafu wa tano, halafu akahesabu kwa vidole chini ya meza. "Kumi na moja," alisema. "Kazi ni kumi na moja kamili. Hakuna mtu atataja saa nyingine. Tumeelewana?"

Wakasema wameelewana. Orwa hakuwa ameelewa, lakini atakuwa pamoja na boss siku nzima, kwa hivyo hakuhitaji.

Emorut akarudi na chapati zimefungwa kwa gazeti.

"Jumatano, mbele ya Amagoro, pale kwenye kinu, posho mill iliyofungwa," Ejoku alimwambia bila kumtazama. "Kumi na moja. Ukichelewa nitakuzika mwenyewe."

"Sawa boss. Kumi na moja."

Aguti alikuwa anapangusa kona ya meza ambayo ilishakuwa safi.

Jumatatu, jioni. Nyumbani.

Aguti alisema yake baadaye, nyumbani, na alisema mengi. Alimkumbusha mdogo wake habari za Egwang. Huyo Egwang alikuwa dereva wa Ejoku kabla yake. Mwaka uliopita kule Amukura mambo yaliharibika, Ejoku akaruka nje na kukimbilia mashamba ya mihogo, Egwang akabaki kwenye usukani na risasi mbili. Kwenye matanga Ejoku alileta kreti ya soda. Wiki iliyofuata akarudi kuchukua chupa.

Emorut alijibu kwamba Egwang alikuwa mzito wa kugeuza gari, na yeye si mzito. Mara hii tu, halafu basi. Akaomba mboga nyingine.

Aguti akaona amechoka kumwambia. Mama yao alikuwa na mtu huyu mmoja tu wa kiume aliyebaki, na mtu mwenyewe anaongea juu ya kugeuza gari.

"Alikwambia saa ngapi vile?" aliuliza.

"Saa kumi na moja."

"Ya jioni?"

"Sasa kumi na moja alfajiri tutaiba nini, umande?"

Aguti alichota mboga akamwekea. Alichukua muda. Kisha akasema, polepole kama anayepanga bei, kwamba basi asubuhi na mchana yuko huru. Ampeleke mama hospitali ya Nangina, kwa masista, macho yake yaangaliwe. Foleni ya huko ikiisha saa nane, arudi taratibu, amlete mama nyumbani, na bado atawahi kazi yake.

"Utawahi sana," alisema.

Jumatano, saa nane kasoro. Malaba. Kigali ni saa saba kasoro. Ya Greenwich mwulizeni Ejoku.

Malori yalikuwa yamejipanga kutoka mpakani kama siafu waliokosa pa kwenda. Wauza ndizi walipita katikati. Tuktuk iliwashusha Ejoku na Orwa na mizani yao mbele ya Amagoro, ikaondoka. Jaketi la Orwa halikufunga kifuani. La Ejoku lilikuwa na maandishi ya kampuni ya kuchimba mitaro.

Lori likaja. Ejoku akainua mkono, nalo likasimama, kwa sababu huku mtu yeyote mwenye jaketi la kung'aa akiinua mkono gari husimama.

"Vipimo," alisema Ejoku. "Teremsha."

Dereva alikuwa mzee mwenye adabu. Alitoa karatasi zake. Ejoku akazishika kichwa chini. Ndani ya lori Ilukor alikaa kama mgeni, mikono magotini.

Orwa akabeba gunia la kwanza, akaliweka juu ya mizani.

Mia.

Ejoku alimeza mate. Kawaida ni tisini, hilo kila mtoto wa Busia analijua. Tisini na kumi ni mia. La kwanza tu, na wamelipata. Mtu mwenye kichwa angefungia hapo. Ejoku akasema hebu lete la pili.

Mia.

La tatu, mia. La nne, mia.

Jasho lilimtoka boss kwa furaha. Alimvuta Orwa kando akamnong'oneza kwamba yule mwenye mali aliwadanganya wote. Si gunia moja. Kila gunia lina kilo kumi za dhahabu.

"Afande," dereva alisema kwa upole, "zote ni mia. Kwetu gunia ni kilo mia. Hata Uganda ni mia."

"Wewe mzee, hii ni Kenya," alijibu Ejoku. "Hapa gunia ni tisini. Hizo kumi ni za nini?"

"Ni maharagwe, afande."

Ejoku akacheka, akamwambia Orwa mtu wa siri utamjua tu kwa kusema ukweli.

Ilukor alikuwa ameelewa tangu gunia la pili. Kawaida ya Tororo ni mia. Aliposema limezidi kwa kumi alimaanisha mia na kumi, na gunia hilo lilikuwa limelala mbele kabisa, nyuma ya kichwa cha dereva. Hakuweza kufungua mdomo bila kujiuza. Alitikisa kichwa. Alikohoa. Alionyesha kwa kidevu. Ejoku alimtazama akamkonyeza jicho, kwa maana kwamba nimekuona, nimefurahi pia.

Basi Ilukor akaacha. Unaweza kumwona mtu akiacha. Mabega yalishuka, macho yale ya kuhangaika yakatulia kwa mara ya kwanza, akaegemea kiti.

Walishusha magunia saba. Orwa alitaka la nane, mgongo ukakataa. Ejoku akamwambia dereva aende na asirudie. Lori likanguruma, likapotea kuelekea Bungoma, na Ilukor akiwa amefunga mkanda kama abiria wa heshima. Waliosema baadaye kwamba gunia la mia na kumi halikufika Nairobi hawakusema lilishukia wapi.

Saa nane na nusu. Kando ya barabara.

Gari halikuwepo.

Walikaa juu ya magunia. Orwa aliuliza kama Emorut aliambiwa vizuri. Ejoku akasema aliambiwa kumi na moja, kwani kuna kumi na moja ngapi. Orwa akaanza kuhesabu. Ukiona uso wa mtu kama huyo akihesabu unamwonea huruma, halafu unakumbuka amekuja kuiba, unaacha.

"Boss," alisema mwishowe. "Emorut alikuwa ameenda chapati."

"Unasema nini?"

"Hiyo ya marubani. Hakuisikia."

Ejoku alimpiga kofi. Halafu akatoa simu, halafu akakumbuka sheria yake, halafu akaivunja. Simu ya Emorut ilikuwa imezimwa, kama alivyoamriwa. Kijana mtiifu sana.

Saa tisa walivuta magunia nyuma ya posho mill na kuyapasua. Maharagwe ya njano yalimwagika mpaka magotini. Walichambua kwa mikono, wanaume wazima wawili, kama mabibi harusi wanaojaribiwa na mama mkwe. Gunia la kwanza, maharagwe. La tatu, maharagwe. Orwa alipata kokoto, akaiuma, akatema kipande cha jino.

Hapo ndipo Jacinter alipotokea. Huyu ananunua maharagwe kwa wavukaji na kuyauza soko la Khunyangu, na harufu ya maharagwe ya bei nafuu haimpiti. Alikuwa na gorogoro yake, kopo la kupimia, kwapani na wenzake wawili nyuma.

"Haya ya serikali mnauza vipi?" aliuliza.

Ejoku alisema hayauzwi, ni ushahidi. Lakini Orwa alikuwa na kiu tangu asubuhi, na alishachoka kuwa jambazi. Alisema gorogoro moja kwa soda moja, iwe baridi.

Jacinter alimtazama. Alitazama jaketi lisilofunga. Alitazama lile la kampuni ya mitaro. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ameuziwa vitu vingi na maofisa, ila hajawahi kuuziwa ushahidi kwa gorogoro. Kisha akageuka akaita watu wa boda waliokuwa kwenye kivuli ng'ambo ya barabara.

Ejoku alipeleka mkono kwenye bastola. Ilikwama kwenye zipu ya jaketi. Alivuta, ikatoka na kuruka, ikazama ndani ya maharagwe, naye akazama akiitafuta. Boda wa kwanza alimkalia mgongoni. Wa pili na wa tatu wakaona ni kiti kizuri.

Saa kumi na moja kamili. Jioni.

Polisi walikuwa wanapakia magunia na wenye magunia. Damu ya pua ya Ejoku ilikuwa imekauka kwenye miwani. Umati ulikuwa umefika barabarani, na ndani yake, mwenye leso kichwani, alisimama Aguti. Alikuja mapema ili asimamishe Probox kabla haijafika. Umati ulimbana, na sasa aliiona ikikata kona, taratibu, taa ya kulia inawaka. Ndani yake mama yao, ambaye foleni ilimchelewesha kufika nyumbani, amekaa mbele na kitambaa cheupe jichoni. Aguti alishika leso yake kwa meno.

Emorut alisimamisha gari pale pale alipoambiwa. Akashuka. Akaona.

"Ni huyo," Orwa alisema. "Huyo ndiye dereva wetu. Amechelewa."

Sajenti alimwita Emorut na kumwuliza amekuja kufanya nini. Emorut alimtazama boss, akamtazama mama. Akasema ukweli kwa sababu hakuwa na kingine karibu.

"Niliambiwa kuna mzigo wa kubeba, afande. Saa kumi na moja."

Sajenti akaangalia saa yake. Kumi na moja kamili. Aliuliza alikuwa wapi mchana, na mama akajibu kabla ya mwanawe, akielekeza jicho moja zima, kwamba alikuwa Nangina kwenye benchi, amemshika mkono, na masista walimpa chai.

"Wizi umefanyika saa nane," sajenti alimwambia Ejoku. "Jambazi gani anaita gari baada ya saa tatu?"

Hapo Ejoku angenyamaza. Lakini mtu wa saa yenye mishale mitano hawezi kuacha umati ufikiri hajui saa.

"Saa nane ndiyo kumi na moja," alisema.

"Rudia."

"Kumi na moja ya Greenwich, afande. Unatoa tatu. Kwa kizungu ni kumi na nne, unatoa tatu."

Watu walingoja ieleweke. Haikueleweka. Mtu wa boda alianza kucheka, na kicheko kikaenda mpaka kwenye malori.

"Greenwich ni wapi?" sajenti aliuliza.

"Ng'ambo. Ulaya."

Sajenti alimgeukia konstebo wake. "Weka hiyo. Kuna wengine wamejificha ng'ambo, mahali panaitwa Greenwich." Kisha akamwambia Emorut atoe gari lake barabarani na ampeleke mama nyumbani, jua ni kali kwa jicho hilo.

Ejoku aliendelea kueleza mpaka mlango wa gari la polisi ulipofungwa. Hata ndani alisikika akitoa tatu.

Aguti alipanda kiti cha nyuma. Walikwenda mpaka Adungosi.

"Niliwahi," alisema Emorut. "Uliona nilifika kamili. Sasa mbona nilichelewa?"

"Hukuchelewa," alisema Aguti. "Angalia barabara."