Chafya kwa Jina la Kang'ethe

Mwaka wa hamsini na saba, mgeni akifika Nakuru na kutaka kushiba bila kuumiza mfuko, aliambiwa amtafute Kiptanui, mpakia magunia wa kinu cha unga. Kiptanui alikuwa ameukariri mtaa wa Wahindi kwa tumbo. Alijua dirisha la nyuma ambapo mama mmoja wa Kihindi aliuza chapati zilizobaki asubuhi. Alijua samaki wa Obura hushuka kwenye gari moshi la Kisumu siku gani, ili usiende siku inayofuata ukajuta. Alijua kwamba kwa Wangare matumbo huoshwa mara tatu, na kwamba anayekaa kwenye benchi la mlangoni ndiye hupakuliwa kwanza. King'ora cha saa sita kikilia, wenzake walimfuata kama vifaranga, naye mbele, mweupe wa unga mpaka kwenye kope, akiamua leo wale wapi.

"Leo wapi, bwana mkubwa?" Kimaiyo, rafiki yake wa kinuni, alipenda kumtania.

"Leo Obura. Gari limefika."

Uchochoro mmoja tu hakuwapitisha. Ulikuwa nyuma ya duka la vitambaa, na mwisho wake palikuwa na mlango wa bati uliofungwa kwa kufuli lililoshika kutu. Hapo ndipo ilipokuwa hoteli ya Kang'ethe. Wote walijua kwamba mtaa mzima haujapata tena chakula kama kile, na wote walinyamaza.

Kiptanui alikuwa ameshuka Nakuru kutoka Ravine mwaka wa hamsini na moja, njaa ikimtoa macho. Kang'ethe alimkuta amesimama mlangoni akinusa. Hakumuuliza ni wa kabila gani wala anatoka wapi. Alimwambia tu, "Ingia. Moshi haushibishi mtu." Tangu siku hiyo alimwekea nyama ya shavu la mbuzi, ile laini, akaificha chini ya sufuria mpaka king'ora kilie. Jerop, mke wa Kiptanui, alipompoteza mtoto wa pili, Kang'ethe alichemsha supu kila siku kwa wiki mbili akaitia kwenye mkebe.

"Mwambie mama anywe ikiwa moto," alisema. Shukrani hakuzitaka.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka Mau Mau. Mchana mmoja wa mwaka wa hamsini na nne, askari waliuzingira mtaa. Wakikuyu walikalishwa chini, mikono kichwani. Mzungu mmoja kijana alimshika Kang'ethe ukosi wa shati, akamgeukia Kiptanui, aliyekuwa ametoka humo humo hotelini na bado anatafuna.

"Wewe najua hii mtu?"

Angesema, huyu ni mpishi, huwa jikoni kutoka alfajiri hadi jioni, mimi nakula kwake kila siku. Siku ile kuna waliopona kwa neno dogo kuliko hilo. Lakini aliogopa. Alimeza nyama iliyokuwa mdomoni.

"Hapana, bwana. Simjui."

Kang'ethe hakukasirika. Alimtazama, kisha akapanda lori mwenyewe. Miezi mitano baadaye habari zilifika sokoni kwamba amefia katika kambi ya kizuizini. Wanasema asante ya punda ni mateke, na Kiptanui hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Kwa miaka mitatu jina lile halikutoka kinywani mwake.

Basi Juni ya mwaka huo wa hamsini na saba, Jerop akajifungua mtoto wa kiume katika chumba chao kule Bondeni. Mama yake Kiptanui, Bi Chepkurui, alishuka kutoka Ravine na kibuyu cha maziwa na wanawake wawili wa ukoo. Alimpokea mjukuu, akamgeuza huku na huku, akamwambia mwanawe maneno machache.

"Wawili tumezika. Huyu lazima abaki. Jerop hawezi wa nne."

Kiptanui alijua ni kweli. Mkunga alishasema hivyo hivyo.

Sasa, kwao mtoto hapewi jina, huulizwa. Marehemu wa ukoo ndiye hurudi na mtoto, na kazi ya wanawake ni kujua ni yupi. Humnusisha mtoto ugoro kidogo, wakataja waliokufa mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake. Bi Chepkurui alikuwa amebatizwa misheni na Jumapili hakukosa, lakini mambo ya majina aliona padri hayamhusu.

Wanaume walingoja nje. Jua lilikuwa zuri. Ndani, sauti za wanawake zilipanda na kushuka zikiita wazee wa upande wa baba, kisha wa upande wa mama. Mtoto kimya. Wakarudia. Kimya. Kimaiyo, kumtoa rafiki yake wasiwasi, akaanza habari za chakula.

"Mtoto akishapata jina, unatupeleka wapi? Wangare ama Obura?"

Kiptanui alicheka. Furaha ilikuwa imemlegeza ulimi. "Siku kama hii," alisema, "mtu angekula kwa Kang'ethe."

Ndani, mtoto akapiga chafya.

Wanawake wakashtuka. Mlango ukafunguka kidogo, na Bi Chepkurui akatoa uso.

"Ni nani ametajwa hapa nje?" alinong'ona. "Sisi tulikuwa tumenyamaza, tunapumzika. Nimesikia Kang'ethe. Unamjua?"

Kimaiyo aliangalia viatu vyake. Ng'ambo ya njia, askari wawili wa Hom Gadi, wale wenyeji waliowasakia serikali Mau Mau, walikuwa wamekaa wakivuta sigara. Na hata bila wao, Kiptanui angemwambiaje mama yake kwamba aliyerudi na mtoto si wa damu yao, ni mtu aliyefia kambini, mtu ambaye yeye mwenyewe alimkana kwa mdomo uliojaa nyama yake?

"Simjui, Mama. Ni jina tu la watu wa sokoni."

Kupitia ule ufa wa mlango alimwona Jerop kitandani. Jerop aliyekunywa ile supu kwa wiki mbili. Alikuwa anamtazama mumewe, lakini mbele ya mama mkwe hakusema kitu. Wanawake wakakubaliana kwamba ile ilikuwa chafya ya ugoro tu, wakampa mtoto jina la babu yake, Kemboi, bila mtoto kuitika.

Jioni hiyo mtoto alikataa ziwa.

Hakulia. Mtoto wa njaa hulia, huyu alifunga mdomo. Jerop alimkamulia maziwa midomoni yakateremka shingoni. Siku ya pili hivyo hivyo. Mkunga alikuja, akampapasa, akasema hana homa, mdomo hauna kidonda. Siku ya tatu mashavu yalikuwa yamebonyea, na macho yake yalimfuata Kiptanui kila alipokwenda chumbani. Mtoto wa siku chache haoni mbali. Huyu aliona.

Asubuhi ya siku ya nne, Jerop alivunja adabu. Alimwambia mumewe mbele ya mama mkwe, kwa sauti iliyokauka.

"Baba, si ni yule wa supu?"

Mficha maradhi kilio humuumbua. Kiptanui alikaa sakafuni akaeleza yote, lori, swali na jibu. Alipomaliza, mama yake hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alichukua ugoro, akamweka mtoto magotini, akamnusisha.

"Kang'ethe," aliita. "Kang'ethe, karibu nyumbani."

Mtoto kimya.

"Kang'ethe, baba, tumekosa."

Kimya. Alijaribu mpaka ugoro ukaisha mkononi.

"Aliyeitika ukamkana, haitiki tena kwa mwingine," Bi Chepkurui alisema hatimaye. "Wewe ndiye ulimfungia mlango. Nenda pale alipokuwa akikupa chakula. Umwambie unamjua. Nenda sasa, mtoto hana jioni."

Kiptanui alitembea kutoka Bondeni mpaka mtaa wa Wahindi akiwa peku, hakukumbuka viatu. Ilikuwa karibu saa sita. Barabara kubwa ilijaa watu, baiskeli, magunia ya vitunguu. Aliingia uchochoroni nyuma ya duka la vitambaa, na kelele zote zikabaki nyuma yake.

Kufuli lilikuwa pale pale. Kutu ilikuwa imelishikanisha na komeo.

Lakini palinukia.

Kitunguu kinachokaangwa. Nyama ya kichwa. Kupitia tundu la bati alisikia mwiko ukikwangua sufuria, polepole, kama mpishi asiye na haraka. Alichungulia. Giza tupu. Hakukuwa na moto. Mwiko uliendelea.

Alipiga hodi. Mwiko ukanyamaza.

"Kang'ethe," alisema. "Ni mimi. Kiptanui. Ninakujua. Niliogopa, ndugu yangu. Ninakujua."

Aliweka kiganja kwenye bati.

"Mwachilie mtoto ale. Mimi nichukue. Mtoto hajui kitu."

Ndani, mtu alisogea. Hatua nyepesi. Fupi mno. Zilikuja mpaka mlangoni zikasimama upande wa pili wa bati, chini, karibu na magoti yake. Kikatoka kisauti cha mtoto anayejifunza kusema. Hakikusema naye. Kiliuliza aliyekuwa jikoni.

"Unamjua huyu?"

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria. Kisha sauti ya Kang'ethe, ile ile, bila hasira.

"Hapana. Simjui."

King'ora cha saa sita kikalia.

Kiptanui alikimbia. Aliangusha kapu la mtu, akatukanwa, hakusikia. Alipofika Bondeni aliwakuta wanawake wamesimama nje, na mama yake amejifunika kichwa kwa shuka. Hakuuliza. Jerop alikuwa bado amempakata mtoto, na maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake yote ya mbele. Mtoto alikuwa amekata roho king'ora kikilia.

Walimzika siku hiyo hiyo. Bi Chepkurui alirudi Ravine bila kumuaga mwanawe, na ninadhani hakukosea. Mume akiingia Jerop aliinuka kumpisha, akitoka alikaa, na nyumba ikawa hivyo.

Kiptanui alirudi kinuni Jumatatu, maana magunia hayajui matanga. Saa sita ilipofika hakuongoza mtu. Alikwenda peke yake kwa Wangare, akakaa ndani kabisa, pembeni, asionekane. Wangare akaleta sahani mbili, moja kubwa na moja ndogo.

"Ya nani hii?"

"Ya mtoto, ya nani tena?" Wangare alikuwa ameshageuka. "Amekushika suruali tangu mlangoni."

Kiptanui aliangalia chini. Hapakuwa na mtu. Aliacha sahani zote mbili akatoka.

Kesho yake alikwenda kwa Obura. Obura hakuwa mtu wa maneno. Alimwekea samaki, halafu akaweka kisahani pembeni, samaki amechambuliwa, miiba yote imetolewa. Siku ya tatu alisimama dirishani kwa yule mama wa Kihindi, ambaye hata Kiswahili hakukijua vizuri. Alimpa chapati moja nzima na nyingine imekatwa vipande vidogo vidogo, huku akitabasamia chini, usawa wa goti la Kiptanui.

Hakuwa na pengine pa kwenda. Mtaa mzima aliokuwa akiujua kwa tumbo ulikuwa umeshamwona. Siku ya nne alirudi kwa Wangare, na sahani mbili zilipokuja hakukataa. Alivunja ugali mdogo mdogo kwa vidole vyake vya unga. Aliuchovya kwenye supu, akaupuliza upoe, akausogeza kule kusikokuwa na mtu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akageuza uso upande wa barabara, jinsi unavyomgeuzia mgongo mgeni mwenye haya ili ale.

Wangare alipokuja kukusanya vyombo, alimwita karibu.

"Mama," alinong'ona. "Amefanana na nani?"

Wangare alitazama benchi. Alichukua muda.

"Na wewe, kabisa. Pua ni yako." Akapunguza sauti. "Lakini huyu mtoto uko naye vipi, mzee? Anakutazama kama mtu asiyekujua."

Kiptanui alirudi kazini. Alipakia magunia mpaka jioni. Hakurudi tena mtaa wa Wahindi, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata alikuwa amekonda mpaka wenzake wakamtoa kwenye magunia wakampa ufagio. Hakufika Krismasi ya mwaka huo.

Hayo ya hotelini Jerop hakuambiwa, wakati ule wala baadaye. Jioni ya siku ile ya mwisho kwa Wangare alichukua tu suruali ya mumewe kuifua, kama kila siku. Unga ulitoka kwa maji ya kwanza. Chini ya goti, upande wa kushoto, palibaki alama ya mafuta ya supu, vidole vitano na kiganja, vidogo. Aliipaka sabuni, akaisugua, akaisuuza. Akarudia mara tatu. Mwishowe aliacha kusugua. Aliitandaza suruali magotini, ikiwa bado inachuruzika, akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, akakaa hivyo mpaka maji ya beseni yakapoa.